Jina Taimur: asili yake, maana yake na hukumu ya kumwita mtoto

SWALI



Mimi ni mtu wa Wete, Pemba, lakini huu ni mwaka wa sita niko Maganzo, mkoa wa Shinyanga, nina duka la vitambaa karibu na barabara kuu ya Mwanza. Mke wangu ni wa huku huku, Msukuma na Muislamu. Siku tatu zilizopita Allah ametujaalia mtoto wa kiume. Ami yangu aliyeko Maskati amepiga simu, anataka mtoto aitwe Taimur, na ameahidi kutuma gharama zote za akika. Nilipomueleza ustadhi wetu hapa msikitini, akasema hilo si jina la Kiarabu, ni la kafiri wa Kimongoli aliyewaua Waislamu. Baba mkwe wangu, ambaye amehangaika na machimbo ya almasi tangu ujana wake, anapenda mjukuu wake aitwe Almasi. Mama yangu huko Pemba alipolisikia hilo alilia kwenye simu, anasema Almasi ni jina la watumwa na halimfai mjukuu wake, bora Taimur ambalo ni jina la masultani. Siku ya saba inakaribia na sijui nimridhishe nani. Naomba mnieleze jina hili linatoka wapi, lina maana gani, na kama linafaa.

JIBU

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa walimwengu wote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, Aali zake na Swahaba zake wote.

Ama baada ya hayo, hongera ndugu yetu kwa kupata mtoto. Allah amkuze katika twaa na amfanye kitulizo cha macho yenu. Maswali ya majina hutufikia mara kwa mara, na siku hizi mengi yanahusu majina ya Kituruki kwa sababu ya tamthilia zilizotiwa sauti za Kiswahili. Lako ni tofauti kidogo, kwani jina unaloliulizia halikuja na televisheni, na watu wa visiwani wana historia nalo bila wengi wao kujua. Kwa hiyo tutalieleza kwa urefu kabla ya kuingia kwenye hukumu.

Maana ya Taimur

Taimur ni chuma. Hiyo ndiyo maana yake yote, wala haina fumbo. Ni neno la Kituruki cha zamani, temür, na mpaka leo Waturuki wa Istanbul wanakiita chuma demir, na Wauzbeki na Wakazaki wanasema temir. Wamongoli nao wana neno hilo hilo kwa matamshi yao, tömör. Kwa herufi za Kiarabu huandikwa kwa taa, yaa, mim, waw na raa, na Waarabu wakalisoma Taymuur. Waajemi na Waturuki husoma Timur. Kwa hiyo Taimur, Taymur, Timur, Temur na Demir ni jina moja lililopita kwenye ndimi mbalimbali, na anayetofautisha baina ya "Taimur wa Oman" na "Timur wa Wamongoli" akidhani ni majina mawili amekosea.

Kwa nini mtu amwite mwanawe chuma? Waturuki wa mwanzo walikuwa wahunzi. Makao yao yalikuwa milima ya Altai, na tarikh za Wachina zinasimulia kwamba walikuwa chini ya dola ya Warouran wakiwafulia chuma. Mkuu wao, Bumin, alipoomba kuoa binti wa mfalme wa Warouran, alijibiwa kwa matusi kuwa yeye ni mtumwa wao wa uhunzi, itakuwaje athubutu. Mwaka 552 Bumin akawashinda na kusimamisha dola yake mwenyewe. Kwa watu kama hao chuma kilikuwa riziki na silaha, na kikawa jina la heshima. Mama yako, ndugu muulizaji, atapenda kukisikia kisa hiki, na tutakirudia.

Hata hapo ulipo, Maganzo, habari ya chuma si ngeni. Leo watu wanakuja Shinyanga kwa almasi za Mwadui, zilizogunduliwa mwaka 1940, na Geita kwa dhahabu. Lakini kabla ya hayo upande wa Geita na Uzinza walikuwapo Warongo, mafundi wa kuyeyusha chuma katika tanuri za udongo, na majembe ya chuma yalikuwa mali kubwa kwa Wasukuma na Wanyamwezi, yakibadilishwa kwa bidhaa na hata kutolewa mahari. Mtu wa zama hizo asingeuliza kwa nini mtoto aitwe chuma.

Jina hili lilikuwapo kabla ya Timur anayetajwa

Ustadhi wenu amemkusudia Timur bin Taraghay, anayejulikana kwa Kiajemi kama Timur-i Lang, yaani Timur Kiwete, aliyezaliwa mwaka 1336 karibu na mji wa Kesh, ambao leo uko Uzbekistan. Basi tuangalie kama jina limeanza kwake.

Mahmud al-Kashghari, Mturuki Muislamu aliyeandika kwa Kiarabu kamusi ya lugha za Kituruki katika miaka ya 1070 kwa ajili ya watu wa Baghdad, amelitaja neno hili na kulieleza kuwa ni chuma. Hiyo ni zaidi ya miaka 250 kabla ya Timur Kiwete.

Na yuko shahidi mwingine ambaye sisi watu wa pwani tunamjua vizuri zaidi. Ibn Battuta, yule msafiri wa Tanja aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 na akaswali katika misikiti yetu, aliendelea na safari zake mpaka Khwarazm katika nchi za Waturuki. Huko alikutana na amiri wa mji, Muislamu, aliyeitwa Qutludumur. Ibn Battuta, kwa desturi yake ya kupenda kueleza kila kitu, akawafasiria wasomaji wake wa Kiarabu: qutlu maana yake ni mbarikiwa, na dumur ni chuma. Chuma kilichobarikiwa. Safari hiyo ilikuwa kabla Timur Kiwete hajazaliwa. Basi jina hili lilikuwa tayari ni la Waislamu, limebebwa na amiri aliyemkirimu msafiri, na limeelezwa na mtu yule yule aliyetuandikia habari za Kilwa.

Timur Kiwete alikuwa nani?

Ni haki tumseme alivyokuwa, bila ya kumpunguzia wala kumzidishia. Hakuwa kafiri wa asili. Alizaliwa katika kabila la Barlas, watu wenye asili ya Kimongoli ambao kufikia wakati wake walikuwa wakizungumza Kituruki na wameshasilimu. Hakutokana na kizazi cha Jengiz Khan, ndiyo maana hakujiita Khan maisha yake yote bali Amiri, na aliweka makhan wa jina tu juu yake. Alijenga Samarkand kwa mafundi aliowachukua mateka kutoka kila mji alioushinda.

Ama ukatili wake, hakuna anayeweza kuukana. Isfahan mwaka 1387 alisimamisha minara ya mafuvu ya watu. Delhi aliiangamiza mwaka 1398. Mwaka 1401 aliipora Damascus, na mwaka huo huo akawachinja watu wa Baghdad. Mwaka 1402 akamshinda na kumteka Sultani wa Othmaniya, Bayazid, karibu na Ankara. Sehemu kubwa ya waliokufa kwa upanga wake walikuwa Waislamu. Ibn Arabshah, aliyechukuliwa mateka kutoka Damascus akiwa mtoto, aliandika kitabu kizima cha kumlaani. Ibn Khaldun naye alikutana naye nje ya kuta za Damascus mwaka 1401, wakazungumza mara kadhaa, na akaandika habari za mazungumzo hayo kwa utulivu mkubwa kuliko mwenzake. Wapo wanachuoni wa zama hizo waliomhukumu ukafiri kwa kuitanguliza kanuni ya Jengiz Khan mbele ya Sharia. Alikufa mwaka 1405 njiani akielekea China, na kaburi lake liko Samarkand.

Kwa hivyo ustadhi wenu ana sehemu ya ukweli. Aliyekosea ni pale aliposema ni kafiri wa Kimongoli kana kwamba habari yake imekwisha hapo, na pale alipolifanya jina kuwa ni lake peke yake.

Jina lilivyofika kwa watu wetu

Ami yako yuko Maskati, na bila shaka anapolitaja jina hili anamkusudia Sultani Taimur bin Faisal. Nasaba yake ni hii: Taimur bin Faisal bin Turki bin Said bin Sultan. Huyo Said bin Sultan ndiye Seyyid Said aliyehamishia makao ya utawala wake Unguja na kufariki baharini mwaka 1856. Turki ni ndugu wa Seyyid Majid na Seyyid Barghash waliotawala Zanzibar. Yeye alitawala Maskati kuanzia mwaka 1871 hadi 1888. Jina Turki lenyewe, kama unavyoona, maana yake ni Mturuki. Mwanawe Faisal alitawala mpaka mwaka 1913, na hapo akashika Taimur.

Wakati huo huo Zanzibar ilikuwa chini ya Seyyid Khalifa bin Harub, aliyezaliwa Maskati mwaka 1879 na kutawala visiwani tangu mwaka 1911 mpaka alipofariki mwaka 1960. Khalifa ni mwana wa Harub bin Thuwaini bin Said. Hesabu mwenyewe utaona: Khalifa wa Unguja na Taimur wa Maskati wote wawili ni vitukuu vya Seyyid Said. Wazee wa visiwani waliosikia jina Taimur likitajwa katika miaka ile walilisikia kama jina la jamaa wa mfalme wao.

Zama za Sultani Taimur hazikuwa nyepesi. Bara ya Oman ilikuwa mikononi mwa Imamu, na mwaka 1920 yakafikiwa makubaliano ya Sib yaliyotuliza vita baina ya pande mbili. Hazina ilikuwa na madeni. Mwaka 1932 aliacha utawala kwa hiari yake akamkabidhi mwanawe Said bin Taimur, naye akaishi hadi mwaka 1965 alipofia Bombay. Said bin Taimur alitawala mpaka mwaka 1970 alipoondolewa na mwanawe, Qaboos, na baada ya hapo ndipo ndugu zetu wengi waliokuwa wametawanyika baada ya mwaka 1964 walipokaribishwa Oman. Sultani wa sasa, Haitham bin Tariq, aliyeshika mwaka 2020, ni mjukuu wa Taimur huyo huyo. Kwa familia nyingi za Maskati zinazozungumza Kiswahili nyumbani, basi, Taimur ni jina la babu wa mfalme waliye naye, wala hawamfikirii kabisa mtu wa Samarkand.

Misri nako jina hili lilivaliwa na watu wa elimu. Ahmad Taymur Pasha, aliyefariki mwaka 1930, alikusanya maktaba ya miswada ambayo leo ni sehemu ya Maktaba ya Taifa ya Cairo. Dada yake, Aisha Taymur, alikuwa mshairi mashuhuri, na mwanawe, Mahmud Taymur, mwandishi wa hadithi fupi. Hawa Taymur lilikuwa ni jina la ukoo, lakini hakuna aliyewahi kuwaambia walibadilishe.

Je, jina lisilo la Kiarabu linafaa?

Linafaa, maadamu maana yake ni nzuri au angalau haina ubaya. Sharia haikuweka sharti la lugha. Majina ya Mitume wengi si ya Kiarabu kwa asili: Ibrahim, Ismail, Musa, Daud. Imamu Bukhari, ambaye kila siku tunasema "amepokea Bukhari", ni Muhammad bin Ismail bin Ibrahim bin al-Mughira bin Bardizbah, na Bardizbah ni neno la watu wa Bukhara. Imamu Abu Hanifa ni Nuuman bin Thabit bin Zuta. Watoto wetu wenyewe visiwani na bara tunawaita Kulwa na Doto wanapozaliwa pacha, majina yaliyotoka kwa wakwe zako Wasukuma, na sijamsikia mwanachuoni aliyeyakataza.

Kilicho bora hakina mjadala. Imepokewa na Muslim kutoka kwa Ibn Umar kwamba majina yanayopendeza zaidi kwa Allah ni Abdullah na Abdurrahman. Baada ya hapo ni majina ya Mitume na watu wema. Lakini bora ni kitu kimoja na halali ni kitu kingine, na muulizaji ametuuliza kama linafaa.

Kilichokatazwa pia kinajulikana: kumfanya mtoto mja wa asiyekuwa Allah, kumpa jina ambalo ni la Allah peke Yake, au kumwita Mfalme wa Wafalme na mfano wake kama walivyojiita Waajemi, Shahanshah. Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) vilevile alibadilisha majina yenye maana mbaya. Mwanamke aliyeitwa Asiya kwa herufi ya ayn, yaani muasi, alimwita Jamila.

Hapa mtu anaweza kuuliza: je, chuma si ugumu, na ugumu si ubaya? Swali hili lina uzito, kwani katika Bukhari kuna habari ya Hazn, babu wa Said bin al-Musayyab. Hazn ni ardhi ngumu yenye kukwaruza. Mtume akataka kumwita Sahl, yaani mwepesi, naye akakataa kuliacha jina alilopewa na baba yake. Said akasema kwamba ugumu wa tabia ukabaki katika ukoo wao. Lakini chuma si hazn. Hazn ni ukali usio na faida, na chuma Allah (Subhanahu wa Taala) ameipa jina lake sura nzima, al-Hadid, na katika aya yake ya 25 ametaja kwamba ndani ya chuma mna nguvu kubwa na manufaa kwa watu. Na Nabii Daud (alayhi salaam) alineemeshwa kwa kulainishiwa chuma, kama ilivyo katika Surat Saba. Kisha Swahaba mashuhuri, Abu Sufyan, jina lake lilikuwa Sakhr, maana yake jabali, akasilimu nalo na akafa nalo.

Je, jina la dhalimu haliwezi kuvaliwa tena?

Hapa ndipo penye mgogoro na ustadhi wenu. Wapo madhalimu ambao majina yao yamekuwa ni wao tu, Firauni na Qaruni kwa mfano, na kumwita mtoto hivyo ni kumpa alama ya ubaya. Lakini jina linalovaliwa na wema na waovu halihukumiwi kwa waovu wake.

Chukua jina Feruzi, ambalo Pemba na Unguja halihitaji kuelezwa. Asili yake ni Kiajemi, Firuz, aliyeshinda. Aliyemchoma kisu Sayyidna Umar (radhi za Allah ziwe juu yake) akiwa katika Swala ya Alfajiri, Abu Lulua, jina lake lilikuwa Firuz. Hakuna msiba mkubwa uliowapata Waislamu wa zama zile kuliko huo. Na Swahaba aliyemuua al-Aswad al-Ansi, mtume wa uongo wa Yemen, ni Firuz ad-Daylami. Waislamu hawakulifuta jina kwa sababu ya wa kwanza, na hakuna aliyemtaka ad-Daylami abadilishe lake baada ya kifo cha Umar. Vivyo hivyo al-Hajjaj bin Yusuf alimwaga damu ya watu wa Iraq na akauzingira Makka, lakini Imamu Muslim, mwenye Sahihi, ni Muslim bin al-Hajjaj. Baba yake alipewa jina hilo na hakuna aliyekataa kupokea Hadithi za mwanawe.

Kwa hiyo Taimur halikatazwi. Ila nia ina nafasi yake. Anayemwita mwanawe Timur kwa kumtukuza yule wa Samarkand na minara yake ya mafuvu, huyo anatukuza dhuluma. Ami yako hatumdhanii hivyo.

Kuhusu Almasi, na kilio cha mama

Sasa tumrudie mama yako, na tunamsemea kwa heshima yote ya mzazi. Ni kweli kwamba hapa kwetu, katika zama za biashara ya watumwa, majina kama Almasi, Feruzi na Mabruki yalipewa watumwa mara nyingi, na mabwana wakayaepuka kwa watoto wao. Wazee wetu walirithi hisia hiyo, na mama hakuizua. Lakini aina hii ya kupima jina haiko katika dini. Mtume ametaja katika Hadithi aliyoipokea Muslim kwamba kujifakharisha kwa nasaba na kutia doa nasaba za wengine ni mambo ya kijahilia ambayo umma huu hautayaacha. Katika nyumba yenye ndoa ya Mpemba na Msukuma, neno kama hilo likimfikia baba mkwe litamuumiza, na mke wako litamuumiza zaidi.

Tena mama akifuata kipimo hicho, jina Taimur nalo halitasalimika. Tulikwishaona mkuu wa kwanza wa Waturuki akiitwa mtumwa wa uhunzi. Karne nyingi baadaye, majina ya Kituruki yalienea Misri na Sham kupitia Mamluk, na mamluk maana yake ni aliyemilikiwa. Baybars, aliyekuwa katika jeshi lililowashinda Wamongoli Ayn Jalut mwaka 1260 na akawa Sultani wa Misri mwaka huo huo, aliuzwa sokoni akiwa kijana. Tulun, ambaye msikiti wa mwanawe Ahmad bado umesimama Cairo tangu mwaka 879, alipelekwa Baghdad kama mtumwa wa zawadi. Jina lake kwa Kituruki ni mwezi mpevu. Na mwaka 1467 alikalia kiti cha Misri sultani aliyekuwa amenunuliwa, jina lake Timurbugha, fahali wa chuma. Hilo ndilo jina la masultani, na lilikuwa pia jina la walionunuliwa.

Almasi lenyewe ni neno lililosafiri. Waarabu walilichukua kutoka kwa Wayunani, ambao walisema adamas, kitu kisichoshindika, na mwanzo wake neno hilo lilitumika kwa madini magumu kabisa, chuma cha pua, kabla ya kutumika kwa jiwe. Kwa hiyo baba mkwe anayetaka Almasi na ami anayetaka Taimur wanakaribiana mno kwa maana, ingawa mmoja yuko Maganzo na mwingine Maskati na hawajawahi kuonana.

Nani mwenye neno la mwisho, na lini

Wanachuoni, akiwemo Ibn al-Qayyim katika kitabu chake kuhusu hukumu za watoto, wameeleza kwamba wazazi wakitofautiana, haki ya kutia jina ni ya baba. Ami, babu na bibi ni washauri wanaoheshimiwa, wala hawana amri. Na ni katika uungwana kumshauri mama wa mtoto, aliyembeba miezi tisa, kabla ya kumshauri mtu wa simu. Katika barua yako umetaja matakwa ya watu wanne na hukutaja la mkeo. Muulize.

Gharama za akika alizoahidi ami yako ni hiba, zipokee kwa shukurani, lakini si bei ya jina. Ukichagua jina jingine na akaghairi, mbuzi wawili ni juu yako wewe baba ukiwa na uwezo, na usipokuwa nao Allah hakukalifishi. Ama siku, Mtume alimpa mwanawe jina Ibrahim usiku ule ule aliozaliwa, kama ilivyo katika Muslim, na katika Hadithi ya Samura imetajwa siku ya saba, pamoja na kuchinja na kunyoa nywele. Zote mbili ni sunna. Huna haja ya kukimbizwa na siku, wala ya kungoja zaidi ya hapo kwa ajili ya ugomvi wa wazee.

Wala si lazima mmoja ashinde na mwingine avunjike moyo. Waarabu walikuwa na jina, kunya na laqabu kwa mtu mmoja, na watu wa pwani na Wasukuma wote wanajua jina la cheti na jina la nyumbani. Mkichagua Taimur, babu yake anaweza kumwita Almasi anapompakata, na mkichagua Almasi hakuna anayemzuia ami kumwita Taimur kwenye simu. Ukituuliza sisi tungependelea Abdullah, lakini hayo tumeshayasema.

Jambo moja la mwisho linahusu maandishi, nalo limewasumbua wengi wenye majina adimu. Jina la Taimur linaandikwa kwa sura nyingi. Mkiamua, chagueni tahajia moja mapema. Kwa kuwa mtoto amezaliwa bara, angalieni jina lililoandikwa kwenye tangazo la kizazi, kwani ndilo litakalofuatwa katika cheti cha kuzaliwa cha RITA, na baadaye shuleni, NIDA na pasipoti. Sisi tungeshauri Taimur, kwa kuwa Mswahili akiliona analisoma kama linavyotamkwa. Herufi moja ikitofautiana baina ya cheti na pasipoti, siku ya kumtembelea ami Maskati mtazunguka ofisi.

Wallahu a'lam.